Kiini Kipya kwa Mashine ya Mitumba

Kompyuta ile niliiunga mwenyewe kwa vipuri vya mitumba, katika chumba changu cha kuchapa barua, Mwanza mjini. Ilipokataa kuitambua kadi mpya ya mtandao, kaka yangu alisema, "Mdogo wangu, tupa takataka hii. Siku hizi maduka yamejaa mpya."

"Situpi," nilimjibu.

Kiini cha zamani hakikuijua kadi hiyo, basi nikaanza kuibadilishia Linux, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta ile, kiini chake, ile programu ya ndani inayoendesha mashine nzima. Kazi ikiwa katikati, umeme ukakatika. Uliporudi nikaanza upya. Ukakatika tena. Kaka akacheka, mimi nikasubiri, nikaanza tena.

Alasiri mashine iliwaka na kiini kipya, na kadi ikatambuliwa.

"Umebahatisha," kaka alisema.

Nikaizima mbele yake, nikaiwasha tena. Kadi ikatambuliwa vilevile.