Mstari Mmoja Uliofuta Maneno ya Mwalimu Bisimwa

Aibu hii sijamwambia hata mama, lakini mmenibana, basi sikilizeni. Minye natunza porti (yaani ile faili ya maelezo inayoambia kompyuta programu huria iwekwe wapi, inategemea programu gani nyingine, na ikitolewa ifute nini), na porti yangu ya kwanza ilikuwa kamusi ya kusahihisha maandishi ya Kifuliiru, nikajiona nimekuwa muntu mukubwa. Kamusi yangu ilikaa mu dosye (folda) moja na kamusi zote nyingine, dosye ya pamoja, si yangu. Lakini nilipofika sehemu ya kufuta, badala ya kutaja faili zangu mbili, nikaandika mstari mmoja tu: futa dosye yote. Anayekagua porti zetu akaniuliza kwa barua pepe, “Na wengine wanaoitumia?” Nikamjibu kwamba kwangu iko sawa (kwangu hakukuwa na kamusi nyingine hata moja!), na bila kungoja kibali chake nikaiweka kwenye kompyuta ya shule moja pale Songo.

Jumamosi moja prefe, yaani mkuu wa shule, akaita walimu, wengine wakashuka kutoka Rurambo, waone toleo jipya la kamusi yangu. Nikasimama mbele na projekta, kitenge kipya, nikatangaza, “Kwanza tunatoa la zamani, ni kitu cha sekunde moja.” Na kweli ilikuwa sekunde moja. Nikaweka jipya, nikafungua barua ya prefe ya Kifaransa, na kwa kuwa mstari wangu ulishafuta kamusi nyingine zote na kompyuta ilibaki na Kifuliiru peke yake, kila neno likapigiwa mstari mwekundu ukutani.

“Madamu,” prefe akasema, “kumbe miaka hii yote sijui hata kuandika Monsieur?”

Walimu wakacheka, nami nikacheka nao, maana Kifaransa ningekirudisha. Ndipo Mwalimu Bisimwa, mustaafu wa Runingu, akasimama. “Na maneno yangu iko wapi?”

Sikujua kwamba kila wiki alikuja kuandika kwenye kompyuta ile maneno ya wazee, majina ya majani, ya magonjwa ya ng'ombe, na faili lake alilihifadhi mumo humo mu dosye ya kamusi, kwani kamusi si ndipo zinapokaa? Nakala haikuwapo.

“Mashini imekosea kidogo, Mwalimu.”

“Mashini, ama weye?”

“Minye.”

“Hiyo dosye ilikuwa yako peke yako?”

“Hapana, Mwalimu.”

Hakunitukana, na ingekuwa afadhali anitukane. Jumamosi nyingi zilizofuata nilikwenda kwake Runingu, yeye anasoma madaftari yake, minye naandika. Mengi tulirudisha. Lakini mengine alikuwa ameambiwa na dada yake mkubwa na kuyaingiza moja kwa moja kwenye kompyuta, na dada huyo alishafariki, hayo hatukuyapata.

Siku hizi porti yangu inafuta faili zake mbili kwa majina, dosye inaiacha. Na mkaguzi akiniuliza swali, hata nikiliona la kijinga, sigusi kompyuta ya mtu mpaka tumemalizana.