Kitenge cha Mama na Mpira wa Wavu

Harufu ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, wanaoanikwa juani haitoki nguoni hata ukifua mara ngapi, na mimi nilikua nikinuka hivyo. Mama aliuza samaki ufukweni Nyamyumba, kusini ya mji wa Gisenyi. Kabla ya kuwamwaga sambaza juu ya chanja, alifungua kitenge alichojitanda, akakishika pembe moja na kukinyoosha hewani. Kikipepea kuelekea mlimani, upepo ni wa ziwani, akaanika. Kikipepea kuelekea majini, vumbi la njia linakuja, akangoja. Wanawake wote wa pale walifanya hivyo, na sikumbuki mtu akifundishwa.

Jioni chanja zikishaondolewa, sisi wasichana tulicheza mpira wa wavu mahali pale pale. Wavu wetu ulikuwa wavu chakavu wa sambaza, wenye matundu ambayo hata kidole hakipiti, tumeufunga kwenye miti miwili ya mkaratusi. Wenzetu wa upande wa pili tuliwaona kama watu walio nyuma ya pazia. Lakini ulikuwa na faida yake: ukivimba kuja kwako, ulijua upepo unakukabili, ukaupiga mpira kwa nguvu zako zote, na upepo wenyewe ukauangusha ndani ya mstari. Kuanzisha mpira ndiko kulikokuwa sifa yangu, na nilijisifu bila haya.

Nilipomaliza shule ya msingi, shule moja ya wasichana kule Nyundo ilitafuta wachezaji. Atakayechaguliwa angesoma na kulala hapo. Nikikosa mimi, narudi kwenye beseni la samaki. Nilikitaka kile kitanda cha bweni kiasi cha kushindwa kula. Mama alinisindikiza, na beseni lake kichwani, maana hakuwa mtu wa kupoteza siku ya biashara.

Uwanja wao ulizungukwa na kuta, na wavu wao ulikuwa na matundu makubwa. Niliwaona wasichana wa upande wa pili mpaka macho, nikaona aibu. Nikaungoja wavu uvimbe, haukuvimba. Juu ya ukuta majani ya mikaratusi yalivuma, nikasema moyoni upepo upo. Nikapiga kwa nguvu. Mpira ukaenda kugonga ukuta. Wa pili nao hivyo hivyo. Wakacheka. Mazoea yana taabu.

“Unangoja nini, mwanangu?” aliuliza mwalimu, mama mmoja aliyekulia Tanzania. “Umebakiwa na mmoja.”

“Naangalia upepo, mwalimu.”

Wakacheka zaidi. Machozi yalikuwa yameshafika. Ndipo nikamwona Mama kando ya mstari, ametua beseni. Alifungua kitenge, akakishika pembe, akanyoosha mkono. Kilining'inia wima hadi chini, bila hata kutikisika. Nikaupiga mpira polepole, ukavuka wavu na kuanguka ndani. Mwalimu akaniambia nipige mingine, na yote ikaanguka ndani.

Njiani tukirudi nilimwambia Mama kwamba yeye ndiye aliyechaguliwa. “Mi mupira sijue,” alisema. “Upepo, ile najua. Bon, we beba beseni sasa.”

Tangu hapo mpira umenipeleka shuleni, kwenye klabu, hadi timu ya taifa. Ufukweni siku hizi kuna wavu wa dukani, na wasichana huonana uso kwa uso. Nafurahi kwa ajili yao. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na wavu ulioniunda mimi ulinuka sambaza.

Mwaka huu nilicheza mechi yangu ya mwisho, katika ukumbi mkubwa Kigali. Mama, magoti yakimuuma, alikuja kuniona ukumbini kwa mara ya kwanza. Tulikuwa sare, zamu ya kuanzisha ikawa yangu. Nikatazama jukwaani. Mama alikuwa amesimama, ameshika pembe ya kitenge, mkono ameunyoosha. Watu waliomzunguka walidhani anashangilia, nao wakaanza kupeperusha skafu na bendera zao. Chake peke yake kilikuwa kimetulia. Nikapiga.