Chaki ya Fundi Idwal

Miaka thelathini na moja Idwal Pritchard alitengeneza magari na kipande cha chaki mfukoni. Sheria ya gereji yao pale Cwm Hesgin ilikuwa moja: gari lenye msalaba wa chaki puani haliguswi. Hata mlevi aliijua. Kwa hiyo kampuni kubwa ya mkoa ilipochukua gereji, madereva na vibasi vyake sita vya mtumba, kisha ikaleta daftari la kuandikia ubovu, Idwal alicheka.

"Daftari la nini? Chaki ipo!"

Haya, sikiliza kiburi kinavyomrudia mwenyewe. Ijumaa alichora msalaba kwenye kile cha kijani. Bomba la breki lilikuwa limeliwa na kutu, kwa chumvi ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu kila majira ya baridi. Jumamosi wapaka rangi wakaja kutoka makao makuu, wakaosha, wakavipaka vyote vyekundu, wakavipa namba mpya. Za zamani Idwal hakuwahi kuzikariri. Yeye alivijua kwa rangi. Jumatatu asubuhi anafika, vitatu vimeshatoka na abiria, vitatu vimesimama vinang'aa, huwezi kujua kipi ni kipi.

Akaingia uvunguni mwa cha kwanza. Kizima. Cha pili, kizima. Cha tatu alikiombea kiwe kibovu. Jamani, fundi anaomba ubovu! Kizima nacho.

"Unatetemeka nini, Idwal?" aliuliza Gwladys, mama anayefagia magari. "Hujanywa chai?"

"Kibovu kimetoka. Sijui kiko na nani."

Gwladys akaacha ufagio. Madereva waliotoka walikuwa Emrys. Menna, binti wa Idwal. Na Rhonwen, binti yake Gwladys mwenyewe. Wote watatu lazima wateremke mlima wa Bwlch, na mlima ule hauna huruma.

Kwenye vibasi hakukuwa na simu. Idwal akapiga posta ya kileleni, kwa Nesta.

"Simamisha kila kibasi chekundu!"

"Kwa miguu yangu hii? Nikilala barabarani utanizika wewe?"

"Nesta, nakusihi. Breki!"

Mzaha ukaisha. "Menna ameshapita. Sasa hivi tu."

Idwal na Gwladys wakasimama getini, roho mkononi, macho mlimani. Kibasi chekundu kikatokea konani, kinashuka. Kinakimbia mno, au ndivyo kinavyokwenda siku zote? Idwal hakuweza kupima tena. Hofu ilikuwa imemnyang'anya ufundi wote. Kikaja, kikapunguza mwendo, kikasimama mbele yao taratibu. Menna akachungulia dirishani.

"Baba! Leo mmenipangia mapokezi?"

Idwal alipanda, akakanyaga breki kwa mguu wake mwenyewe, mara tatu. Ngumu, zinashika. Akamkumbatia bintiye mbele ya abiria wote na machozi yakamtoka.

"Mungu asifiwe! Mungu asifiwe!"

Abiria wakacheka. Ofisini simu ikalia, akaikimbilia huku bado anajifuta macho.

"Nimewasimamisha wote wawili," alisema Nesta. "Emrys kaangalia uvunguni kwake, bomba ni zima. Lakini Idwal, yule meneja wenu mpya kapita hapa na gari lake. Kamfokea Rhonwen kwamba anawachelewesha watu wa hospitali. Nikamwambia breki. Akasema mbona kwenye daftari hakuna kitu? Binti wa watu kaogopa kufukuzwa kazi. Kaondoka."

"Kaondoka lini?"

"Ndiyo anaanza kuteremka."

Idwal akageuka. Gwladys alikuwa amesimama mlangoni, uso umemkunjuka, anatabasamu, maana alivyomsikia akimshukuru Mungu kwa sauti kubwa namna ile, alidhani hatari imekwisha.

"Na wangu?" aliuliza. "Amesemaje Nesta? Wangu naye salama?"