Waliogawa Maji Wakati wa Vita

Mwanangu, siku moja naikumbuka kuliko ile niliyopewa cheti: siku mjomba wangu aliponiaibisha pale kijijini kwetu Mgwashi, na nilistahili.

Nilikuwa kijana, nimekuja likizo kutoka nchi jirani iliyotoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Nilikuwa nimetumwa kule kusaidia kijiji kimoja kuunda upya uongozi wake. Kwa kiburi cha usomi nikadhani naanzia kwenye uwanja mtupu. Kumbe muda wote wa vita akina mama walikuwa na kikundi chao, wakigawa maji ya mfereji kwa zamu kwa pande zote mbili, hata kwa waliowaulia waume. Nikawaambia kazi yenu imekwisha, sasa kuna kamati yenye muhuri. Nikawaweka wanaume waliojua kusoma, na wawili wenye bunduki, maana ndio waliopaza sauti. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikwenda, mwenyeji akaumia. Haukupita mwezi watu wakakatana mapanga wakigombea maji. Kijana mmoja alipoteza mkono. Mpaka leo naumia nikimtaja.

Pale Mgwashi, mjomba ndiye aliyekuwa mzee wa mfereji wetu, msimamizi wa zamu za maji. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza yote huku nikiwalaumu wanakijiji. Akaendelea kumenya viazi vyake, kisha akasema taratibu:

“Hapa kwetu mgeni akitaka maji, kwanza anashika jembe, anazibua mfereji pamoja na wenyewe. Wewe ulizibua na nani?”

Nilikatisha likizo nikarudi kwenye kile kijiji. Kiongozi wa wale mama hakunikaribisha kiti, alinipa jembe. Siku tatu nilizoa matope, ndipo nikajua nani anaaminiwa na nani anaogopwa tu. Kamati mpya ilichaguliwa palepale ukingoni mwa mfereji. Akina mama waliingia. Wenye bunduki walisubiri nje ya kamati mpaka walipozisalimisha.

Nawe sasa unakwenda kwenye kazi kama ile. Serikali ikianguka, mwanangu, watu hawakai bure: wapo wanaozika, wanaolisha, wanaopatanisha. Jenga pamoja nao. Lakini si kila kikundi ni cha heri. Uliza kilimtumikia nani wakati hakuna aliyekitazama. Na hata walio wema, serikali isiwe mali yao, maana aliyeko nje ya kikundi naye ana haki yake.

Mungu akutangulie, akujalie masikio kabla ya ulimi. Na siku ya kuondoka kwako, wakuage kwa upendo, wala wasikuhitaji tena.