Kiwanda cha Saa cha Baba

Harufu ya mafuta ya cherehani ikinipitia puani, namwona baba barazani kwetu Matete, saa yake imefunguliwa juu ya kitambaa cheupe, naye anaidondoshea tone moja kwa unyoya wa kuku. Nadhani mnaweza kukisia jinsi kuku wetu walivyoteseka.

Saa ilitoka Uswisi, na historia ya kiwanda chake tuliisikia mara nyingi kuliko Sala ya Bwana. Ndugu wawili, wafugaji, walianza kuchonga vigurudumu zizini theluji ilipowafungia nyumbani, hadi saa zao zikavaliwa na madereva wa garimoshi duniani kote. "Saa hii haidanganyangi," baba alisema. Ilidanganya kila siku.

Mwaka nilipochaguliwa kuongoza kwaya ya shule kwenye mashindano huko Bukura, baba alisema nisiende na wenzangu. Angenipeleka mwenyewe kwa pikipiki. Asubuhi nilivaa sare, nikakaa, nikasimama, nikakaa tena.

"Baba Nafula, jua limepanda," mama alisema.

"Jua halina kiwanda," baba alijibu, akaitazama saa yake, akaipuliza chai.

Tulifika wenzangu wakishuka jukwaani. Mwalimu alinitazama tu, akageuka. Nililia kwa hasira.

Wala baba hakuniomba radhi. Wakati wa kurudi alipitia mjini Kakamega kwa fundi wa saa, ambaye aliichungulia na kuguna. "Mzee, spea hakuna. Wenye kuitengeneza walifunga kitambo. Saa za betri ziliwamaliza."

"Kiwanda kama hicho hakifungwangi!" Baba aliinyakua, akaivaa. Njia nzima niliutazama mgongo wake, nikitamani kumvua saa ile niitupe mtoni.

Nilikuwa mtu mzima mama aliponieleza kwamba siku zile kinu cha sukari nguru, ambako baba alikuwa fundi wa mitambo, kilikuwa kimefungwa. Mwenye kinu alikifunga na kwenda zake. Sisi watoto hatukuambiwa. Baba aliendelea kutoka kila asubuhi na ovaroli yake, akaenda kuipaka grisi mitambo ambayo hakuna aliyeiwasha. Fundi wa saa alipotamka "walifunga", baba hakusikia habari za Uswisi.

Namwelewa sasa, ila kuelewa hakujanipoza. Laiti angetuambia! Ningemkasirikia mwenye kinu miaka yote ile, badala ya kumnunia baba yangu.