Muziki wa Kungojea kwa Fundi Majeneza

Fundi majeneza wa mtaa wetu alikuwa na ufundi wa miaka ishirini na ugonjwa mmoja tu: alitaka kuonekana kama kampuni. Akaamua kuweka simu za intaneti dukani, wakaja wauzaji wawili. Wa kwanza alimuuliza umeme ukikatika atafanyaje, na nani atakuwa anapokea simu. Fundi akaona anadharauliwa. Wa pili hakuuliza kitu. Alimsikilizisha sauti nyororo iliyorekodiwa ya kukaribisha wateja, na muziki wa dansi wa kuwaliwaza wanaongojea.

"Baba watoto, hao wanaokupigia wamefiwa," mkewe akamkumbusha.

"Ndiyo maana wachangamshwe," akajibu, akatia saini. Hata simu yake ya mkononi akaizima, ili wote wapige namba mpya.

Wiki ya pili, mume wa shangazi yake akafariki. Shangazi akapiga simu dukani huku analia. Sauti ikamwambia furaha yake ndiyo fahari yao, kisha dansi likamlilia sikioni dakika kumi na mbili, kwa kuwa fundi alikuwa uani anapiga randa. Shangazi akakata, akanunua jeneza kwa mshindani.

Mazikoni fundi alikuwa miongoni mwa wabebaji. Kidole chake kikagusa ubao wa jeneza ambao haukupigwa msasa, akafungua mdomo aseme.

"Nyamaza tu, mwanangu," shangazi akasema taratibu. "Wenzako walipokea simu."

Fundi akaendelea kubeba. Alitamani abadilishane nafasi na aliyelala ndani.