Daftari la Vinywa

Harufu ya vitunguu ndiyo inayonirudisha siku ile, mwanangu. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za jengo letu la mtaa wa Kensington, huku kusini mwa Afrika, na vitunguu vilikuwa vinakaangwa, lakini si kwetu. Vilikaangwa jengo la pili, ng'ambo ya barabara, nami nilijua kabisa kwa nini.

Usicheke kwamba nakuita mwanangu. Nimekuzidi miaka minane tu, lakini mama yako ni dada yangu, na mama mdogo ni mama. Leo nautumia uzee huo.

Ni wakati ule serikali ilipofunga nchi kwa sababu ya ugonjwa. Saluni tulizozitegemea zilifungwa, na bibi yako, yaani mama yangu, hakuwa na hata gauni moja la kushona. Vifurushi vya chakula vya serikali vilitaka namba ya kitambulisho cha raia, na sisi tulikuwa na karatasi za ukimbizi. Kufikia wiki ya tatu tulikuwa tunakula ugali mara moja kwa siku, na chumvi.

Asubuhi moja Mzee Salvator, Mrundi wa ghorofa ya chini, akapanda na daftari. Alisema kuna mfanyabiashara Msomali kule Mayfair, mtaa mwingine wa jiji, anayepakia lori la chakula, na anataka orodha ya kila jengo: jina la mkuu wa kila familia na idadi ya vinywa. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu na nilijivunia maswali yangu. Nikamuuliza palepale ngazini, mbele ya watu wote. Nani anaitaka orodha hii? Atakaa nayo wapi? Ikifika kwa polisi je? Mzee wa watu hakuwa na majibu. Na majirani zetu wanazijua orodha. Wako waliokimbia makwao kwa sababu majina yao yaliandikwa mahali. Mmoja baada ya mwingine wakarudi ndani, wakafunga milango. Mzee Salvator akabaki na ukurasa wenye namba ya simu ya yule Msomali juu, na chini yake hakuna kitu.

Nikuambie ukweli: nilijisikia vizuri sana. Nilijiona nimeliokoa jengo zima.

Kesho yake, vitunguu. Jengo la pili walikuwa wameandika, na lori lilikuwa limewafikia.

Bibi yako alisimama nyuma yangu akiwa amembeba mtoto wa jirani yetu, Mama Neema. Kichanga hicho kilikuwa kinalia tangu alfajiri, maana maziwa ya mama yake yalikuwa yanakauka kwa njaa. Bibi yako hakunigombeza. Aliniuliza tu, kwa Kiswahili chake cha Bukavu:

"Ile maswali yako yote, uliuliza nani?"

Nikasema nilimuuliza Mzee Salvator.

"Na yeye alijua nini? Namba ya simu si ilikuwa pale juu?"

Uso uliniwaka. Nilikuwa nimewauliza watu wasiojua, kisha nikauchukua ukimya wao kuwa ndilo jibu.

Nilishuka ngazi mbilimbili, nikamwomba Mzee Salvator daftari, nikapiga. Yule Msomali alizungumza Kiswahili cha Nairobi, na nyuma yake nilisikia magunia yakiangushwa. Nikammiminia maswali yote. Hakukasirika. Akasema orodha inakaa kwake, lori likirudi anaichana. Namba za vibali vya ukimbizi hazitaki. Nikamuuliza kama ni lazima tuwe Waislamu, akacheka mpaka akakohoa.

"Dada, mimi nataka vinywa, sitaki vitambulisho. Lori la leo linatoka saa tisa. Uko na watu ama huna?"

"Ninao."

"Basi andika."

Ilikuwa saa saba na nusu. Ghorofa nne, milango ishirini na mmoja, na kila mlango mimi mwenyewe ndiye niliyeufunga jana. Nilikimbia, mwanangu. Moyo ulikuwa unanidunda kama niko kwenye mashindano. Mlango wa kwanza alitokea Papa Dieudonné, kinyozi, akanitazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Mademoiselle, binti wa chuo. Jana orodha ilikuwa mtego, leo imekuwa chakula. Kesho itakuwa nini?"

Nikamwambia jana nilikuwa sijauliza, leo nimeuliza. Nikampigia tena yule Msomali, nikafungua spika, akarudia kila neno huku akiwafokea wapakizi wake. Papa Dieudonné akasema waandikwe watano. Nilipofika ngazini akaniita: sita, nimweke na mama mkwe.

Baada ya hapo milango ilianza kufunguka kabla sijagonga. Watu waliisikia ile simu kupitia kuta, wakatoka, wakaniitia idadi kutoka juu. Mzee Salvator alinifuata kila ghorofa na kalamu ya akiba, na hakunisuta hata kidogo. Hilo liliniuma kuliko kusutwa.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Mama Neema. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama mtoto anahesabiwa, maana hana hata jino.

"Ana kinywa," nikamwambia, nikaandika wawili.

Picha ya ukurasa ilikwenda kwa yule Msomali zikiwa zimebaki dakika sita. Kabla jua halijatua lori lilikuwa mlangoni: unga, maharage, mafuta, maziwa ya unga, na gunia la vitunguu. Jioni ile jengo letu lilinukia mpaka barabarani.

Sasa nisikilize. Jana uliniambia kuna chumba pale chuoni kwenu wanakogawa chakula, nawe umekataa kujiandikisha kwa sababu hujui majina yanakwenda wapi. Ukalala na chai. Sikuambii uache kushuku. Mimi mpaka leo nashuku kila fomu. Lakini shaka isiyoinuka kwenda kuuliza ni uvivu tu, na mara nyingi njaa yake humuuma mwingine. Kesho nenda, muulize yule aliyeketi mezani, umuulize yote. Jibu likikosa maana, toka. Likiwa zuri, andika jina lako lote, bila aibu.

Mungu, ambaye hata yeye namuuliza mengi, akupe watu wanaopokea simu. Akujalie kinywa kisichoogopa kuuliza wala kuhesabiwa. Na sufuria yako, mwanangu, inukie mpaka kwa jirani.